Majusi wa Mazuku: Jinsi ya Kumjenga Mhusika Aliyebobea Katika Elementi Moja

Jumamosi moja jioni, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tulikuwa watu watano tumeizunguka meza, katikati kuna mshumaa na dadu mbili tulizotoa kwenye boksi la ludo. Kijana mmoja alikuwa mgeni kwenye kikundi. Nikamuuliza mhusika wake atakuwa nani.

"Yaya, mimi nataka majusi wa moto."

"Moto gani?"

"Moto yote."

Nilishika kalamu lakini sikuandika kitu. Majusi wa moto yote nimekwisha kumwona mara nyingi. Siku ya kwanza anafurahisha sana: anachoma mlango, anachoma daraja, anachoma jambazi. Siku ya pili anachoma tena. Siku ya tatu mwenyewe anaanza kupiga miayo, kwa sababu kila swali analoulizwa na hadithi lina jibu lilelile, na wenzake mezani wamekuwa watazamaji tu. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya yule kijana na kwa wengine wanaotaka kumjenga majusi wa elementi moja. Sharti langu ni moja: elementi uikate, uchukue kipande kidogo, tena kipande unachokijua kwa macho na kwa pua yako.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mchezo wa kuvaa uhusika unakwenda hivi. Watu wachache wanakaa pamoja. Mmoja ni msimuliaji, ndiye anayebeba ulimwengu mzima: milima, wafalme, mvua, wauza samaki. Kila mmoja wa waliobaki anavaa mhusika wake, anasema anachosema na kufanya anachofanya. Panapotokea jambo lisilo na hakika, kwa mfano kuruka shimo au kumdanganya mlinzi, dadu ndiyo inayoamua. Mchezo huu ulianza kuuzwa dukani mwaka 1974 huko Marekani, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Sisi hapa tunacheza kwa daftari, kalamu na dadu za ludo, na siku ambazo haifai mtu kurudi kwao usiku, tunaendeleza hadithi kwa sauti za WhatsApp. Hakuna kilichopungua.

Sasa, kabla ya nguvu, jina. Hapa nitakawia kidogo, maana kwetu neno linaweza kuvunja mchezo kabla haujaanza.

Mwambie mama yako kwamba unakwenda kwa rafiki kutengeneza mchawi, uone kama utatoka nyumbani. Ukisema mulozi ndiyo mbaya zaidi. Kwetu mulozi si mtu wa hadithi. Ni tuhuma, na tuhuma hiyo imewatupa watoto barabarani katika miji mingi ya Kongo: mtoto yatima, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mwenye kifafa, anaambiwa yeye ndiye anayekula bahati ya nyumba. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumtuhumu mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Kwa hiyo mezani kwangu neno ulozi halitumiki kumtaja mhusika wa mchezaji, hata kwa utani. Mganga nalo lina wenyewe, ni kazi ya watu walio hai. Mazingaombwe ni ya yule anayetoa leso kwenye kofia.

Neno tunalo, tena la zamani. Kila Krismasi mapadri na wachungaji wanasoma habari za mamajusi waliotoka mashariki wakiifuata nyota. Misa ya Kifaransa inawaita "les mages". Ni neno moja. Limetoka Uajemi ya kale, likaenda upande mmoja kwa Wagiriki na Walatini hadi kufika kwenye Kifaransa, na upande mwingine likapitia Kiarabu hadi likatufikia sisi: majusi. Ndugu zetu Waislamu wanalijua pia, kwa maana ya watu wa dini ile ya Uajemi walioheshimu moto, na ni adabu kulikumbuka hilo unapolitumia. Majusi, basi, ni mtu aliyesoma. Anatazama nyota, anatazama ardhi, anajua jambo ambalo wengine hawalijui, na anasafiri mbali kwa sababu ya anachokijua. Huyo ndiye mhusika tunayemtaka. Nguvu yake tunaiita umajusi, na mama hana neno.

Tuje kwenye elementi. Orodha ya moto, hewa, maji na udongo ilipangwa na Empedokle, Mgiriki wa Sisilia, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Wanajimu wa pwani yetu ya Waswahili wanazigawa nyota kwa mtindo huohuo: nyota za moto, za udongo, za upepo, za maji. Wachina walihesabu tano, nao wana mti na chuma, hewa hawaitaji. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba hizi ni namna za kuugawa ulimwengu, na kila watu waligawa kwa kutazama kilichokuwa mbele yao. Hakuna anayekukataza kugawa upya kwa kutazama kilicho mbele yako wewe.

Na sisi wa Goma tuna nini mbele yetu? Mlima unaowaka, ziwa lenye gesi tumboni, ardhi nyeusi inayokata viatu. Ukimchukua majusi wa hewa wa kwenye vitabu vya wengine, anayeruka na kupuliza dhoruba, utamcheza kama mtu anayevaa koti la kuazima. Lakini ukisema "majusi wa mazuku", kila aliyekulia upande wa Mugunga, Bulengo au Keshero anainua kichwa.

Nitamjenga huyu mbele yako, kwa sababu ndiye aliyejengwa jioni ile na dada mmoja wa kikundi chetu anayeuza vitenge sokoni.

Mazuku ni hewa ukaa inayotoka ardhini katika nchi ya volkano na kukaa kwenye mabonde na mashimo. Neno ni letu, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kama lilivyo. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi, inatulia chini kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza, inatawanyika. Hewa tunayovuta kila siku ina hewa ukaa kama asilimia 0.04 tu. Ikizidi asilimia 10, mtu anapoteza fahamu ndani ya dakika chache, na kwenye mashimo mabaya inazidi hapo mara nyingi.

Tulipofika hapo, yule dada aliondoka mezani akaenda jikoni. Alirudi na beseni la kufulia, siki, na unga wa bikabonati wa kuumulia mandazi. Akasimamisha mishumaa miwili ndani ya beseni, mmoja mrefu, mwingine kipande kifupi kilichobaki. Akaiwasha. Akamwaga bikabonati chini, juu yake akamimina siki polepole pembeni. Povu likachemka. Hatukuona kingine chochote. Kisha mwali wa mshumaa mfupi ukainama, ukawa mwembamba, ukazimika. Mrefu ukabaki unawaka kama hakuna kilichotokea. Tulikaa kimya, halafu na wenyewe ukazimika.

"Mbuzi," akasema. "Kisha mtoto. Kisha mama yake, wakati anainama kumwokota."

Mhusika alizaliwa pale. Kila kitu kilichofuata, nguvu zake, mipaka yake, gharama yake, kilitoka kwenye lile beseni. Angalia jinsi tulivyofanya.

Kwanza tuliuliza: umajusi huu unafanya nini hasa? Mtu asiyezoea atasema "anaua kwa gesi". Hapana. Majusi wa mazuku hatengenezi hewa hiyo, anaiita tu kutoka kwenye nyufa ambako ipo tayari. Anaweza kuikusanya, kuishikilia isimwagike, kuisukuma. Kwa hiyo anazima moto wa adui bila tone la maji. Analifanya handaki lisipitike. Analala salama mahali ambapo jeshi zima lisingeamka. Na anajua kusoma: mjusi aliyekufa juu ya jiwe, mbuzi anayekataa kushuka, kichwa kinachoanza kugonga na pumzi inayokwenda mbio bila sababu. Sehemu hii ya kusoma dalili naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji dadu. Ni elimu, na mchezaji anakuwa nayo kila wakati.

Ana taa ndogo ya koroboi aliyoifunga kwa kamba, anaining'iniza usawa wa goti anapotembea usiku. Ikizimika, anasimama. Lakini tulikubaliana, na nataka msomaji naye ajue kwa sababu si la mchezo tu, kwamba taa ni shahidi anayechelewa. Mtu anaweza kuanguka katika hewa ambayo mwali bado unawaka. Ndiyo maana majusi huyu anaisikiliza pumzi yake kwanza, taa baadaye.

Pili, nguvu yake inafia wapi? Wajenzi wengi wa wahusika hukimbia hapa, na ndipo penye utamu. Mlimani, penye upepo, karibu hana kitu. Mchana wa jua kali, vivyo hivyo. Katika nchi isiyo na volkano ni msichana anayejua kubana pumzi, basi. Msimuliaji akiwapeleka wachezaji kwenye mji wa mfalme uliojengwa juu ya jabali gumu la kale, majusi wa mazuku anaingia huko mikono mitupu, na inabidi aishi kwa akili, kwa ulimi, kwa urafiki. Vipindi vile vya unyonge ndivyo wachezaji wanavyovisimulia baada ya miezi.

Kwa dadu mbili za ludo mipaka hiyo inaingia kirahisi. Jumla ya dadu mbili inaanzia 2 hadi 12, na kuna njia 36 za kuanguka. Tuseme umajusi unafaulu ukipata 8 au zaidi: ziko njia 15, sawa na kama asilimia 42. Sasa mweke shimoni alfajiri, hakuna upepo, ongeza 2 kwenye jumla yake. Anahitaji 6 tu kwenye dadu: njia 26, karibu asilimia 72. Mpandishe kilimani upepo unavuma, punguza 2. Anahitaji 10: njia 6, kama asilimia 17. Ni majusi yuleyule na maneno yaleyale. Kilichobadilika ni mahali aliposimama, na ghafla mchezaji anaanza kuuliza maswali mazuri: saa ngapi sasa? Upepo unatoka wapi? Hili bonde linashukia wapi? Mchezaji akianza kuuliza hivyo, ujue ameuvaa uhusika.

Tatu, nani analipa? Michezo mingi inamtoza majusi mwenyewe. Katika ule wa mwaka 1974, neno la umajusi ukishalitumia linakutoka kichwani, mpaka upumzike na kulisoma upya. Wengine wanahesabu pointi za nguvu kama salio la simu. Sina ugomvi nao, ila umajusi uliobobea unaweza kudai malipo yanayotoka ndani ya elementi yenyewe, na hayo ndiyo yanauma.

Hewa ukaa haiangamizwi kwa kusukumwa. Ukiitoa kwenye shimo hili, imekwenda mahali, na kwa kuwa ni nzito, mahali penyewe ni chini zaidi. Kwa hiyo tuliandika kanuni moja kwenye daftari la dada yule, mstari mmoja tu: kabla ya kurusha dadu, sema inakwenda wapi. Si baada. Kabla. Ukisafisha shamba la mzee aliyekukaribisha, taja ni bonde la nani unalolijaza. Msimuliaji anaandika. Kesho yake mtu wa bonde lile anaweza kuwa na mbuzi watatu waliokufa, naye hajui kwa nini, na wewe unajua.

Kanuni hiyo ilimbadilisha mhusika kutoka silaha kuwa mtu. Ghafla alikuwa na deni na siri, na alikuwa na sababu ya kuamka usiku kutembea mabondeni na koroboi yake. Hatukumwandikia historia ndefu ya utotoni. Tuliandika tu kwamba alikuwa na mdogo wake, na kwamba mdogo alikuwa mfupi.

Utaona sijataja jina la mhusika, mavazi yake wala rangi ya macho yake. Yanakuja yenyewe. Ukiwa na kipande cha elementi, mpaka na malipo, mavazi ni ya nusu dakika: kitambaa shingoni, viatu vigumu kwa ajili ya mawe ya lava, kamba, koroboi.

Mtu ataniuliza, je, na lava? Tuko Goma, mlima uko pale, kwa nini nisiwe majusi wa lava? Unaweza, ila kata hapo pia. Lava ya Nyiragongo, mlima wetu, ina silika kidogo sana, ndiyo sababu inatiririka upesi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava kileleni lilimwagika lote chini ya saa moja, na mtelemkoni lava ilikwenda hadi kilomita 60 kwa saa. Hakuna mtu anayekimbia hivyo. Majusi anayeamuru kitu kama hicho kwa kidole amekwisha kuwa mungu, na hadithi imekufa. Lakini chukua ganda. Lava ikitoka, juu inapoa na kuwa nyeusi haraka huku ndani bado inawaka, na ganda hilo linaufunika ule moto usipoe kwa muda mrefu. Mwaka 2002 watu wa mji huu walirudi kutafuta nyumba zao wakikanyaga mawe ambayo yalikuwa bado yanapika nyayo. Majusi wa ganda hawezi kusimamisha mto wa lava. Anaweza kuliharakisha ganda ligande pale anapolitaka, upana wa mlango, ili mtu avuke. Litabeba uzito wa nani, na kwa pumzi ngapi? Hapo una mchezo.

Ziwa ninalipitia haraka, kwa sababu nina msimamo nalo. Kina cha Kivu kinazidi mita 470, na huko chini kumeyeyuka hewa ukaa na methani nyingi sana. Rwanda inaivuta methani hiyo kuzalishia umeme. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos, huko Kameruni, lilitapika hewa ukaa usiku mmoja na kuua watu zaidi ya 1,700, nalo ni dogo mno mbele ya Kivu. Wachezaji wakiisikia habari hiyo, wanataka umajusi wa kulipindua ziwa. Mezani kwangu nakataa. Kando ya maji haya wanaishi mamilioni ya watu, na mimi ni mmoja wao. Majusi anayelilinda lisipinduke, huyo ninamkaribisha kwa mikono miwili.

Na hilo linaniingiza kwenye jambo la mwisho la kulifungua kabla ya kurusha dadu yoyote. Elementi unayoikata kutoka kwenye ardhi yako si yako peke yako. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikafika ziwani. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu tena. Siku tano baadaye ikatolewa amri ya kuhama, watu wakaenda Sake kwa miguu, magodoro kichwani, watoto kwenye chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma. Mezani kwako yupo aliyekuwa mtoto kwenye chukudu hiyo. Huwezi kumjua kwa kumtazama.

Kwa hiyo tunauliza waziwazi, kila mtu kwa zamu, kitu gani hataki kukiona kwenye hadithi. Haelezi sababu. Jioni ile mmoja wetu alisema, "Lava isifike mjini." Tuliandika, tukaendelea. Katika ulimwengu tunaoucheza mlima upo na unafuka moshi, mawe ya ukuta ni meusi kama ya kwetu, lakini lava haifiki mjini. Tangu hapo hakuna aliyelalamika kwamba hadithi imepungua. Mtu yule anacheza bila kubana mabega, na mimi kama msimuliaji hilo naliona kutoka upande wangu wa meza.

Nirudi kwa kijana wa moto yote. Alikaa akilitazama beseni hadi povu likaisha. Nikamuuliza tena, moto gani. Alifikiri kwa muda. Kwao wanauza makala, yaani mkaa, magunia yamepangwa mbele ya nyumba, na asubuhi kabla ya shule kazi yake ilikuwa kuwasha mbabula, jiko la mkaa, ya mama.

"Moto ya kulala," akasema. "Ile iko ndani ya majivu."

Sikuhitaji kumfundisha zaidi, alikuwa ameshika uzi. Majusi wake hawezi kuwasha moto. Hana cheche, hana mwali. Anachoweza ni kulihifadhi kaa hai chini ya majivu siku nyingi, kulibeba mvuani, na kuliamsha likiwa karibu kufa. Anatembea na mbabula ndogo ya bati. Akiishiwa kaa, lazima aombe kwa mtu, mlango kwa mlango, kama tunavyoombana kaa sisi majirani. Na malipo yake aliyataja mwenyewe, maana yapo ndani ya mbabula: kaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu, na anayelala nalo haamki. Kila analoliamsha, lazima pawe na dirisha wazi. Majusi huyo hawezi kujificha. Popote alipo, ameacha upenyo.

Tulianza kucheza saa mbili usiku. Katika hadithi ilikuwa alfajiri, na mtoto wa mwenyeji wao alikuwa hajarudi na mbuzi. Waliteremka bondeni wawili, yeye wa makala mbele na mbabula yake, yule wa mazuku nyuma na koroboi kwenye goti. Nikawaambia mbuzi wamesimama ukingoni, hawataki kushuka. Dada akasema, "Simama." Kijana alikuwa amekwisha kuchukua hatua mbili. Nikampa dadu aone kama kaa litabaki hai. Akapata 4. Nikamwambia wekundu ndani ya mbabula umekuwa wa zambarau, kisha kijivu, na kwamba pumzi yake imeanza kwenda mbio.

Mtoto alikuwa anaonekana, hatua kumi chini, amelala kwa ubavu kama aliyechoka.

Dada alichukua dadu. Alfajiri, shimoni, hakuna upepo: alihitaji 6. Nikamuuliza kama kanuni inavyotaka, inakwenda wapi? Akainama juu ya ramani tuliyoichora kwa kalamu nyuma ya kalenda ya zamani, akafuata bonde kwa kidole, chini, chini zaidi, hadi kidole kikagota kwenye vibanda ambako wenyeji wale walikuwa wamewapa uji jioni iliyotangulia. Upande wa pili kulikuwa na ukingo, na juu ya ukingo hewa ile haipandi.

Alishika dadu muda mrefu. Nta ya mshumaa ilimwagika juu ya meza na hakuna aliyeifuta.